Pikipiki ya Baba Mkwe Haipandi Mlima

Jumatatu, Novemba. Rulenge.

Mvua imeanza alfajiri na mpaka mchana huu haijaonyesha nia ya kukata. Gereji sijafungua. Wateja wamepita, wamegonga bati, wameita "fundi, fundi", nami nimekaa ndani kimya kama mwizi aliyesikia mbwa. Wakiniuliza kesho nitawaambia nilikuwa na homa. Tazama, hata sijaanza kuandika na uongo mwingine nimeshaupanga.

Wachache mnaoufahamu ukurasa huu mnajua huwa naandika nini hapa. Naweka picha za injini, naeleza namna ya kutambua pistoni iliyochoka, nawasuta mafundi wanaopiga nyundo mahali pa spana. Leo sina cha kumfundisha mtu. Leo nina aibu, na nimechoka kuzunguka nayo humu ndani wakati Devota, mke wangu, anapika jikoni amenipa mgongo.

Nianze na hedi.

Hedi ni kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda. Valvu zimo humo. Hewa na petroli vinaingia kwa tundu moja, moshi unatoka kwa tundu jingine. Ukiyatanua matundu hayo na kuyasugua yakawa laini, injini inavuta pumzi kubwa zaidi, na pikipiki inakimbia zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Sisi mafundi tunaita kuchonga hedi. Kiswahili kina utani wake, maana kuchonga pia ni kusema sana, kujisifu mpaka mate yanaruka. Mimi nilizifanya kazi zote mbili.

Kiangazi kilichopita niliweka hapa picha ya hedi moja, imemeremeta kama kijiko kipya. Mkaandika chini yake, "Fundi unajua", "Fundi tuletee darasa". Nilisoma maneno yenu mpaka simu ikaisha chaji. Nilichowaficha ni kwamba hedi ile haikuwa yangu, na mwenyewe hakuniomba niiguse.

Ilikuwa ya baba mkwe wangu, Mzee Damasi wa Mugoma.

Ilikuwa hivi. Mzee alimleta mama mkwe hospitali huku Rulenge kwa ajili ya presha na magoti yanayomsumbua. Wakalala kwetu. Pikipiki yake, kibeba mizigo cha kawaida kabisa, akaniachia nibadilishe oili na kukaza cheni. Basi. Oili na cheni. Mtoto yeyote wa gereji angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Lakini mimi nilikuwa nimetazama video. Bwana mmoja wa huko ng'ambo alikuwa anachonga hedi kwenye meza safi kuliko meza ya kulia chakula ya nyumba yangu, huku akiongea Kiingereza cha haraka. Niliangalia mikono, maneno sikuyafuata. Nadhani alieleza ni pikipiki ya mashindano, maana nililisikia neno hilo likipita. Nililiacha lipite. Nikajiambia nitampa baba mkwe zawadi ambayo hakuna mkwe mwingine Mugoma nzima amewahi kumpa mtu.

Lazima nieleze kwa nini zawadi ilikuwa inaniwasha namna hiyo. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi nikiwa mgongoni. Tumelima hapa, tumepata uraia hapa, baba yangu tumemzika hapa. Bado, nilipokwenda kuposa kwa kina Devota, baba yake mdogo aitwaye Pastory aliuliza mbele ya wazee wote kama binti yao amekosa kijana mwenye kwao. Swali hilo nalisikia hadi leo. Mzee Damasi ndiye aliyelijibu. Alisema, "Kwao ni hapa nilipomkaribisha kiti." Hakuongeza kitu, na hakuna aliyethubutu kuongeza.

Mtu kama huyo utamlipa nini? Nikaona nimpe mbio.

Nilifungua hedi, nikatoa valvu, nikaingiza mashine ndogo ya kusagia kwenye tundu la hewa. Nikala chuma. Nikala tena. Nikamalizia kwa msasa uliolowa mafuta ya taa mpaka nikawa najiona uso humo ndani. Eksosi nayo nikaipunguza matumbo, yale ya ndani yanayozuia moshi na sauti, maana pumzi kubwa inataka mlango mkubwa. Kabureta nikailegeza ipitishe petroli zaidi. Ilipowaka ilitoa sauti nzito hivi, ya mtu mzima, na majirani wakatoka nje kutazama. Nilivimba kichwa kuliko hedi yenyewe.

Kesho yake nilikuwa na kipuri cha kupeleka Nyarubungo, huko Biharamulo. Nikaitumia safari hiyo kuijaribu. Ardhi ya upande ule imelala, barabara inanyooka, na mimi nilikuwa peke yangu bila hata mfuko mgongoni. Iliruka! Nilikuwa nacheka mwenyewe ndani ya helmeti kama mwehu.

Sikuipandisha mlima hata mmoja na mzigo juu yake. Fundi wa wilaya ya Ngara, aliyekua akipanda na kushuka milima, aliijaribu pikipiki ya mbeba ndizi kwenye tambarare ya wilaya nyingine.

Mzee alipokuja gereji kuichukua alinishukuru kwa mikono miwili. Aliisikiliza inavyonguruma, akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza swali moja tu: "Na mzigo itabeba, mwanangu?" Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, sasa hii itabeba hata kanisa na kengele yake."

Angenijibu nini? Kwao zawadi ya mkwe haikataliwi. Hata ukiletewa mbuzi kilema unasema ni mbuzi mzuri, unamfunga uani watu wamwone. Na ukiona kasoro, mkwe humwambii mkwe. Neno lenyewe ni moja pande zote mbili, yeye mkwe na mimi mkwe, na heshima inakwenda njia zote mbili. Haya yote niliyajua. Nayajua tangu nikiwa mdogo, maana na sisi Warundi ndivyo tulivyo. Databukwe, baba wa mke, unamsogelea kwa uangalifu kama moto wa kuni mbichi. Lakini siku ile sikuona kwamba mtu asiyeruhusiwa kulalamika ndiye wa mwisho kabisa kumfanyia majaribio.

Tangu hapo kila nilipopiga simu Mugoma nilijibiwa hivyo hivyo. Pikipiki inaendeleaje, baba? "Inapaa, mwanangu. Inapaa kweri kweri." Nami nilikata simu nikiwa nimejaa.

Kulikuwa na dalili. Muuza vipuri mmoja wa Ngara mjini, tunayefahamiana, aliniambia kama utani kwamba baba mkwe wangu amenunua sahani za klachi, na si mara moja. Klachi haifi hivyo kwa mzee anayeendesha polepole kama anabeba mayai. Klachi inakufa hivyo kwa mtu anayeibana nusunusu njia nzima ya mlima, akibembeleza injini isizime. Tena hakuzinunua kupitia kwangu, na mimi ndiye fundi wa familia. Niliyasikia yote hayo nikasema labda sahani siku hizi ni za ovyo. Mtu akitaka kutokuelewa, haeleweshwi hata na spana.

Sasa jana.

Jana ilikuwa ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, kaka yake Devota. Devota alitangulia tangu Ijumaa kusaidia mapishi. Mimi niliondoka Rulenge asubuhi kwa pikipiki yangu, shati jeupe, viatu nimevifunga kwenye mfuko wa nailoni visichafuke. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa ule mwekundu unaong'ang'ania matairi.

Kati ya nyumba ya wakwe na nyumba ya shemeji kuna mlima. Si mrefu sana ila umesimama. Nilikata kona ya chini nikaisikia kabla ya kuiona. Ile sauti ya mtu mzima niliyoitengeneza mwenyewe. Ikanguruma, ikakohoa, ikakata. Ikawashwa tena. Ikanguruma, ikakohoa, ikakata.

Ndipo nikawaona. Baba mkwe amevaa koti lake la kanisani, ameinama juu ya usukani, anasukuma. Nyuma, kwenye keria, madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mkungu wa ndizi vimefungwa kwa kamba za mpira. Na nyuma ya madumu, mkono mmoja ukisukuma na mwingine umeshika viatu, mama mkwe. Peku kwenye tope, kitenge amekipandisha ili asijikwae. Mama mwenye magoti yale.

Hapo hapo nilielewa kilichotokea kwenye injini, kama mtu aliyewasha taa. Mpira wa maji ukiubana mdomoni kwa kidole maji yanaruka mbali. Ukitoa kidole, maji yale yale yanaanguka miguuni pako. Lile tundu la kiwandani lilikuwa jembamba kwa sababu. Pikipiki ikienda polepole na mzigo mzito, wembamba ule ndio unaoisukuma hewa iingie kwa nguvu. Mimi nilitoa kidole. Ikikimbia tambarare haijali, inavuta yenyewe. Ikifika mlimani, gia ya kwanza, mtu na mke wake na mkungu wa ndizi, haina pumzi.

Miezi yote hiyo. Kila mlima. Na Mugoma kuna nini zaidi ya milima?

Kama ningeishia kuelewa, leo ningekuwa na huzuni tu. Ningeweka gia, ningewafikia, ningesema shikamoo baba, shikamoo mama, nipeni mimi nisukume. Viatu vyangu vilikuwa kwenye mfuko tayari, hata udhuru wa viatu sikuwa nao.

Nilizima injini. Nikaisukuma pikipiki yangu kando, nikaiingiza kwenye shamba la migomba la mtu nisiyemjua, nikachuchumaa nyuma ya shina.

Nilijificha.

Na mnajua nilijiambia nini kule? Nilijiambia ni mila. Zamani mwanamume akikutana njiani na mama mkwe wake, aliacha njia, akaingia vichakani mpaka mama apite, na mama naye akajifunika uso. Bibi yangu alinisimulia. Mila hiyo sisi wa leo tumeiacha. Mama mkwe ananiandalia chakula, tunasalimiana, tunacheka, na nilipougua malaria alinishika paji la uso. Hata siku moja sijawahi kumkimbilia kichakani. Lakini jana asubuhi, nimemwona amepandisha kitenge anasukuma uharibifu wangu, ghafla nikawa mtu wa mila kuliko mababu zangu wote.

Walifika juu. Nikashusha pumzi nikisubiri washuke upande wa pili.

Hawakushuka. Walisimama. Mzee aliegemeza pikipiki, mama akakaa kwenye jiwe, wakawa wanatazama walikotoka. Nikazidi kuinama. Moyoni nilikuwa nasema, nendeni basi, jamani, nendeni, mnangoja nini? Niliwakasirikia. Naandika hili kwa shida, lakini niliwakasirikia watu wale kwa kupumzika.

Siafu walinipata hapo hapo. Walinipanda miguuni, wakaingia kwenye suruali, na mimi siwezi kuruka wala kupiga kelele. Mwenye shamba, mama mmoja na kikapu chake, akanikuta nimechuchumaa nikijikuna. "Unatafuta nini humu?" Nikamwambia najisaidia. Akanitazama, akalitazama shati jeupe, akatazama pikipiki iliyosimamishwa vizuri kabisa pembeni. Akaguna tu akaondoka. Hata shikamoo sikumpa.

Baada ya muda mrefu sana baba mkwe akapanda, mama akapanda nyuma akiyakumbatia madumu, wakateremka. Kwenye mteremko inapaa kweli.

Nilifika kwa shemeji nyuma yao kwa makusudi, watu wamesharudi kutoka kanisani, nikiwa msafi, nimevaa viatu. Mama mkwe alikuwa pembeni ya nyumba anamwagiwa maji ya kuosha miguu. Nilimwamkia nikiwa natazama chini. "Marahaba, mwanangu. Za Rurenge? Watu wazima?" Sauti ya kawaida, yenye upendo wake wa siku zote.

Ubatizo ulikuwa umekwisha vizuri, mtoto kapewa jina la babu yake, watu wamekaa kwenye viti chini ya turubai. Rubisi ikazunguka. Na Pastory, baba mdogo yule yule, hakuna sherehe inayompita bila kuchokoza. Alikuwa ameona tope.

"Kaka," alimwambia Mzee Damasi kwa sauti ya watu wote, "mbona mkeo, shemeji yetu, ameingia na matope mpaka magotini na pikipiki mnayo? Au ile ya mkwe imerara njiani?"

Watu wakacheka. Mzee Damasi akacheka pia, kisha akajifuta mdomo.

"Tulitaka kunyoosha miguu kidogo," akasema. "Daktari alisema mama atembee. Pikipiki haina shida. Mkwe wangu ni fundi, nyie hamjui tu."

Pastory akanigeukia. Aliniuliza kwa kutabasamu, na wote wakanitazama, hata watoto. "Eti fundi, ni kweri inapaa?"

Ulikuwa mlango wazi. Sijui kama nitafunguliwa mwingine kama ule. Baba mkwe alikuwa amekaa karibu yangu, koti lake lina tope kwenye mkono. Ningesema, hapana baba mdogo, niliiharibu mimi, msimcheke mzee. Maneno machache hayo.

Nilisema inapaa.

Chakula nilikula. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilikula vizuri, nikaongezewa nyama. Watu walinisifu kwa shati.

Tulirudi jioni, Devota nyuma yangu, njia nzima amegeuzia uso pembeni. Nilidhani amechoka. Tulipofika hakuvua hata kilemba. Alisimama mlangoni akasema, "Waliniambia nisikwambie. Lakini nikikaa nalo hili nitakuchukia, na sitaki kukuchukia."

Walikuwa wameniona.

Waliniona tangu nilipokata kona ya chini. Mzee alisikia injini yangu akageuka. Aliniona nikizima, akaniona nikiingia migombani. Hakumficha mke wake kwa sababu mke wake naye alikuwa anatazama.

Wala pale juu hawakuwa wanapumzika. Mama alitaka waendelee, misa isiwapite. Mzee akasema, "Mkwe wetu yuko nyuma. Tumngoje tufike naye pamoja." Alitaka Pastory na wenzake wamwone anaingia na mimi. Wakangoja. Mimi nachuchumaa nasema nendeni, wao wamesimama wanasema atakuja.

Mama akasema, labda ameona haya kwa sababu yangu, kwa mila. Mzee akasema, labda. Wakakubaliana iwe hivyo, wakapanda. Kanisani waliukuta ubatizo katikati.

Yaani hata udhuru wangu, ule niliouokota kichakani, wao walinipa bure bila kuombwa.

Sikulala vizuri, lakini hilo si jipya kwa mwenye makosa. Asubuhi nilimwuliza Devota kama mzee amekasirika. Akasema hajui. Akasema baba yake amesema uongo mara ngapi vile kwa ajili yangu, kwenye simu, kwa majirani, jana mbele ya ukoo, yeye ambaye alikuwa anawachapa wanawe wakidanganya kwamba wamesali. "Sasa wewe niambie unataka aendelee mpaka lini." Akarudi jikoni.

Ninachofanya leo ni hiki. Nimefungua pikipiki yangu. Ni aina ile ile na ya mzee, injini ile ile, na hedi yangu haijawahi kuguswa. Chuma kikishaliwa na mashine hakirudi, ya mzee hakuna wa kuirekebisha, lakini hii yangu itakaa kwake bila tatizo. Nimeisafisha, nimesugua valvu, nimetafuta gasketi mpya. Iko mezani mbele yangu nimeifunga kwenye kanga ya zamani ya Devota. Ya mzee nitaichukua mimi, na milima yake nitaisukuma mimi.

Nikiwa nafungua nati ya mwisho, nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kiangazi. Kama kuchonga hedi ilikuwa zawadi nzuri hivyo, kwa nini sikuanza na yangu? Siku zote nimesema nilitaka kumheshimu mzee. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa na hamu ya kujaribu na niliogopa kuharibu ya kwangu. Nikatafuta mtu ambaye akiharibikiwa hatasema.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijamwambia hata Devota. Atasoma hapa.

Sasa naona vishawishi vinapanga foleni. Naweza kwenda Mugoma kesho kimya kimya, nikasema nimekuja kubadilisha oili, nikabadilisha hedi chini ya paa la jikoni, nikaondoka. Mzee ataelewa, atanyamaza. Pikipiki itapanda mlima. Uongo wake wote utageuka kuwa kweli kuanzia siku hiyo, na Pastory atabaki bila la kusema. Kila mtu atakuwa na heshima yake. Nimeupenda mpango huu kwa saa nzima ya asubuhi. Ungekuwa rahisi sana, na mama asingesukuma tena, na si ndilo la muhimu?

Kisha nikakumbuka kwamba na jana palikuwa na jambo rahisi la kufanya, nikalifanya.

Kwa hiyo sitakwenda kesho. Nitakwenda siku ya gulio, wakati Pastory na wenzake wanapokaa kwa mzee kunywa kabla ya kurudi makwao. Nitapakiwa na bodaboda, hedi nimeipakata, maana pikipiki yangu haina kichwa. Nitafungulia injini pale uani, mbele yao, na nitasema nilichokifanya kabla mtu hajaniuliza. Nitasema na mama mkwe yuko hapo, kwamba nilimwona, na kwamba haikuwa mila.

Najua Pastory atasema nini, na namwachia aseme. Ameningoja muda mrefu.

Ninayemwogopa ni mzee. Namjua. Kabla sijamaliza sentensi atanyanyua mkono, atawaambia wenzake mkwe wangu ananyenyekea tu, pikipiki haina shida, inapaa. Atanifunika tena, mbele ya watu, kama alivyonifunika siku ya posa. Na kwa desturi zao na zetu, mkwe hamkatalii mkwe hadharani. Ni utovu wa adabu. Watu wamerudishiwa mahari kwa makosa madogo kuliko hilo.

Nitamkatalia.